Mkanda Haujaisha

Mwingine akisikia harufu ya mafuta ya cherehani atamkumbuka fundi nguo wa mtaani kwao, au sare mpya ya shule. Mimi namkumbuka baba mdogo Mwita, ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya bibi, kamera ameilaza mapajani juu ya kitambaa, anaidondoshea tone moja kwa ncha ya unyoya wa kuku. Tone moja tu. Akizidisha, alisema, mafuta yatatambaa mpaka kwenye kioo na watu wote watatoka kwenye picha kama wamelia. Kisha anaivuta na kuifyatua mara mbili tatu bila mkanda ndani, ameitega sikioni, tik, tik, mpaka aridhike na mlio wake.

Mwezi uliopita tulimzika. Siku ya tatu, bado tuko chini ya turubai tunachambua mchele wa wageni, mke wake, mama mdogo Rhobi, aliniita pembeni akanipa mfuko wa ngozi uliokakamaa kwa uzee. "Alisema uchukue wewe," akaniambia. "Nikamuuliza, kwa nini yule, na wanao wapo? Akasema, yule anajua." Harufu ilinifikia kabla sijafungua kifungo. Ni kweli nilikuwa najua. Nilijua tangu nikiwa na miaka tisa kwamba kamera ile niliiua mimi, kwa mikono yangu, na kwamba kwa kuiua niliua pia kazi ya mtu aliyenipenda kuliko wote pale nyumbani.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka kamera ya namna ile. Chuma tupu. Haikuwa na betri, haikuwa na taa, haikuuliza umeme uko wapi, na kijijini kwetu Ringwani ingeuliza bure maana umeme wenyewe tulikuwa tunausikia kwa waliotoka Tarime. Juu yake, upande wa kulia, palikuwa na kimkono kidogo cha kuvutia mkanda kwa kidole gumba, na kando ya kimkono hicho kidirisha cha duara kisichozidi ukucha, chenye namba nyeupe. Ukipiga picha moja unavuta, namba inasogea. Ikifika thelathini na sita, basi. Baba mdogo hakuvuta mkanda mpaka awe tayari kabisa kupiga, kwa hiyo muda wote namba iliyokuwa kwenye kidirisha ilikuwa ndiyo hesabu ya watu waliokwisha kuingia.

Hivyo ndivyo nilivyosema mimi, waliokwisha kuingia, na nilikuwa namaanisha. Nilifahamu kwamba mtu akipigwa picha anabaki amesimama barabarani vilevile na viatu vyake. Lakini niliamini kuna sehemu yake imeingia mle gizani na inasubiri, imebanana na za wenzake, mpaka mkanda ujae ndipo baba mdogo awapeleke wote Tarime kusafishwa. Kwenda na kurudi zilikuwa siku mbili, baiskeli hadi Nyamongo kisha lori, kwa hiyo hakuna mkanda uliokwenda kabla ya kuisha. Watu walisubiri mwezi, pengine mitatu. Mtoto aliyepigwa akiwa mgongoni alikuja kuifuata picha yake kwa miguu yake mwenyewe. Wala hawakulalamika sana. Kupigwa picha lilikuwa jambo la kuogea, la kuazima koti, la kubana pumzi na kukodoa macho, na kungoja kulikuwa sehemu yake.

Dada yangu Bhoke alipigwa picha siku ambayo hakuitegemea. Alikuwa amemaliza darasa la saba na tulikuwa tunasubiri matokeo. Mwalimu mkuu alishamwambia mbele za watu kwamba yeye akikosa sekondari basi hakuna atakayepata. Asubuhi hiyo baba akamwambia aoge na avae gauni la bluu la mama. "Ni picha ya fomu ya shule," alisema baba, na Bhoke akatabasamu hadi masikioni. Baba mdogo alimsimamisha kando ya ghala la mahindi, mahali penye mwanga mzuri. Alikuwa anataka kumpiga kuanzia mabegani kwenda juu, kama picha zote za fomu. Baba akakataa.

"Mpige mzima," alisema. "Kichwa mpaka miguu. Halafu ageuke kidogo, aonekane mwili."

Baba mdogo alishusha kamera akamtazama kaka yake. Alikuwa mdogo kwa baba kwa miaka mingi, hana ng'ombe wa kujivunia, na kwetu mdogo asiye na mali hamkatalii mkubwa uwanjani kwake. Akainua kamera tena. Tik. Nilikimbilia kutazama kidirisha kama nilivyozoea, nikakuta ishirini na nne.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hakuna aliyenituma. Nilikuwa na hamu ya kuiona ile picha ya Bhoke kuliko nilivyotamani nguo ya sikukuu. Zimebaki kumi na mbili, nikasema, nitawatafuta mwenyewe. Nilizunguka kijiji chote kama mpiga debe. Nilimwendea mama wa mapacha nikamwambia wanawe wanakua haraka, wasipopigwa sasa atawasahau walivyokuwa wadogo. Niliwaambia vijana waliotoka machimbo ya Nyakunguru na redio mpya kwamba mwanga wa wiki hiyo ni mzuri hautarudi. Mzee mmoja nilimtisha kabisa, nikamwambia wenzake wote wameshapigwa amebaki yeye tu. Walikuja, wakacheka, wakasimama kando ya ghala wakabana pumzi. Ishirini na saba. Thelathini. Thelathini na tatu. Baba mdogo alinishika kichwa akasema, "We mtoto, mbona umekuwa wakala wangu?" Hakuwa anacheka sana, lakini hilo nilikuja kulifikiria baadaye.

Nilipata ukweli nikiwa napukuchua mahindi na bibi pamoja na jirani yetu mmoja. Watu wazima walikuwa wanazungumza juu ya kichwa changu kama sipo, kwa Kikurya cha haraka. Jirani aliuliza kama ile picha imeshakwenda. "Bado," alijibu bibi, "Mwita anasubiri mkanda wake uishe. Ikivuka Sirari tu, ng'ombe wanakuja." Huko ng'ambo, upande wa Kenya, kulikuwa na mama mmoja mzee mwenye ng'ombe wengi ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Miguu yake ilikuwa mibovu, hasafiri. Alitaka kumwona msichana kwanza. Alikuwa anataka kuoa.

"Bhoke anaolewa na bibi kizee?" niliuliza, nikasahau kwamba sipo.

Walicheka mpaka jirani akapaliwa. "Anaolewa na nyumba, mtoto wewe," alisema bibi. "Nyumba ntobhu. Atakwenda kuizalia ile nyumba watoto, jina lisipotee."

Nilikuwa nimewahi kusikia neno hilo, lakini sikuwahi kulitazama kwa karibu. Najua sasa kwamba ni desturi yetu ya zamani, mwanamke kumtolea mwanamke mwenzake mahari ili amzalie, na kwamba wapo wanawake walioingia nyumba hizo kwa hiari wakaishi vizuri kuliko wenzao walioolewa na wanaume. Wakati ule nilijaribu tu kufikiria nyumba inamwoaje mtu. Sikuona harusi. Niliona mlango unafungwa, na Bhoke yuko ndani na gauni la bluu, hakuna dirisha, na hakuna wa kuuvuta mkanda ufike mwisho ili atoke. Ndipo nikakumbuka namba iliyokuwa kwenye kidirisha, na nani aliyeisogeza.

Nilimkuta Bhoke anaosha vyombo. Nilimwambia yote kwa mkupuo, pamoja na habari za mapacha, redio na yule mzee. Sikuacha kitu, maana nilitaka anipige. Hakunipiga. Alisugua sufuria moja kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Zimebaki ngapi?"

"Tatu."

"Na matokeo bado." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Mwalimu mkuu alikuwa amewaambia kwamba jina la mtoto likishabandikwa ukutani, mzazi akimwoza ni kesi. Kabla ya hapo ni mtoto wa baba yake tu. "Basi zisiishe," akasema Bhoke.

Tangu siku hiyo uwanja wetu ukawa mdogo. Baba hakumfungia Bhoke kwa kufuli, hakuwa mtu wa hivyo, na sitaki mumwone kama jitu. Alikuwa mtu aliyekuwa na mtoto wa kiume wa kuozesha, kaka yetu Marwa, na njia ya kupata ng'ombe wa mahari aliijua moja tu, aliyoonyeshwa na baba yake. Lakini alisema Bhoke asiende tena mtoni peke yake, halafu asiende hata na mimi, halafu shambani aende na mama tu. Kila kazi yake ikasogezwa ndani ya ua wa minyaa. Mama alikuwa anampikia vizuri kuliko sisi wengine na hamtazami usoni. Nilipokuwa nakwenda kuchota maji nilikuwa namwona amesimama kwenye tundu la ua, mahali ambapo mbuzi walikuwa wamepavunja, anatazama njia. Angeweza kupita pale. Angekwenda wapi? Kila nyumba hadi Mbalibali ilikuwa ya shangazi au mjomba, na kila mmoja angemrudisha kabla chai haijapoa.

Mimi nikageuka kutoka wakala nikawa mlinzi. Watu wakija nasema baba mdogo hayupo, anaumwa, mwanga mbaya. Alikuja kijana kutoka Mbalibali na baiskeli mpya yenye kengele mbili, ameshapaka mafuta ya nywele, nikamwambia kamera imeanguka mtoni. Alianza kugeuza baiskeli. Baba mdogo akatoka nyumbani akijifuta mikono. "Imeanguka mto gani?" akaniuliza. Kijana akapigwa. Thelathini na nne. Wiki iliyofuata mtoto wa mwinjilisti alikuwa anapata kipaimara na baba mdogo aliitwa kanisani. Nililia nikitaka aniache na kamera, nikajibwaga chini kama kitoto kichanga, watu wakashangaa. Akarudi na thelathini na tano.

Nilimchukia siku ile. Lazima niseme. Nilimwona anakula ugali wake taratibu na nikasema moyoni, huyu anajua na hajali. Sikujua kama mtu mzima naye anaweza kuwa ndani ya ua wa minyaa.

Baba aliposikia imebaki moja alifurahi sana. "Hiyo ni yangu," alisema. "Kesho asubuhi nipige mimi na dume langu, halafu kesho hiyo hiyo uende Tarime." Alikuwa na dume jeusi lenye nundu kubwa, alilipenda kuliko anavyoweza kusema. Alasiri yote Marwa alikuwa analiosha. Bhoke alisikia akiwa jikoni. Sikumsikia akilia, ila moto ulizimika na hakuuwasha.

Baba mdogo alikuwa ameitwa kusaidia kuezeka kwa jirani. Kamera ilikuwa kwenye msumari wake, nyumbani kwa bibi, na bibi alikuwa nje ameanika ulezi. Nilipanda juu ya kigoda. Nilikuwa nimeazimia kuitupa chooni, hakika kabisa, lakini nilipoishika ilikuwa nzito na ya baridi na ikanukia mafuta, na mikono ikakataa. Nikachukua punje za ulezi zilizokuwa zimenasa kiganjani nilipomsaidia bibi kuanika. Niliinua kimkono kidogo, nikazisukuma chini yake kwa mwiba, moja, ya pili, ya tatu, mpaka ncha ya mwiba ikavunjika. Kisha nikairudisha na kwenda kukaa na mbuzi.

Asubuhi baba alivaa koti la suti na kofia, akashika fimbo yake. Dume linang'aa. Jua limekaa vizuri juu ya ghala. Baba mdogo akaweka kidole gumba kwenye kimkono akavuta. Kilikwenda kidogo, kikalia krr, kikagoma. Akajaribu tena. Kikagoma. Akaligeuzia jua mgongo, akainama juu ya kamera, akachungulia kwa muda mrefu na kupitisha ukucha. Kisha ukucha ukasimama. Alinyanyua uso. Alimtazama Bhoke aliyekuwa mlangoni kwa jikoni. Kisha akanitazama mimi, na nikajikojolea pale pale niliposimama.

"Kaka, imekwama," alisema.

"Ifungue."

"Nikiifungua mwanga unaingia, zote zinaungua. Na ya Bhoke."

"Basi ikwamue, mura! Si imebaki moja tu?"

"Nakwamuaje? Hii inataka fundi wa Mwanza." Baba mdogo alikuwa anaifunga kamera kwenye mfuko wake polepole, kifungo kimoja, cha pili. "Picha ipo, kaka. Haijapotea. Ila mkanda haujaisha, na usipoisha hautoki."

Baba alipiga fimbo chini, dume likaruka, Marwa aliyekuwa ameshika kamba yake akakokotwa mpaka kwenye mihogo. Siku nyingine tungecheka kwa mwezi mzima.

Aliuliza tena kesho yake, na kesho kutwa. Kila alipouliza alijibiwa vilevile, mkanda haujaisha, kwa upole, kama mtu anayesema mvua haijanyesha. Baba alimwambia ampeleke Bhoke mjini kwa mpiga picha mwingine. Baba mdogo akasema sawa, tusubiri nauli, tusubiri lori, halafu lori likapita. Mjumbe wa yule mama akaja kutoka ng'ambo, akala, akasubiri siku mbili, akaondoka amenuna. Baada ya wiki chache tulisikia kwamba yule mama amepata msichana mwingine, wa upande wa Mbalibali, ambaye picha yake ilikuwa tayari. Sikuwahi kujua jina lake. Nimemfikiria mara nyingi kuliko ndugu zangu wengi.

Kisha jina la Bhoke likabandikwa. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani pamoja na mtendaji wa kijiji, wakanywa chai, wakaongea na baba kwa heshima na bila kuondoka mpaka akakubali. Bhoke akaenda sekondari na sanduku la bati. Leo ni muuguzi, mnene, mwenye sauti kubwa, anagombeza madaktari.

Lakini baba mdogo hakupiga tena picha. Watu walikuja kudai zao, kwanza kwa utani. Baadaye mama wa mapacha alimtukana njiani, yule kijana wa baiskeli akatishia kumpiga, na kanisani wakaanza kusema Mwita amekula sura za watu. Hakubisha. Alisema imekwama, akainamisha kichwa. Msimu ulipoisha akaenda Nyakunguru kuchimba. Yule mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anatafuta mahali penye mwanga mzuri akawa anashuka shimoni kwa kamba na tochi kichwani. Alianza kukohoa nikiwa sekondari. Kila alipokohoa mimi nilikuwa nasikia krr ya kile kimkono.

Niliwahi kujaribu kutubu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nikamfuata Nyakunguru, nikamkuta ametoka shimoni mweupe kwa vumbi mpaka kope. Nikamwamkia, nikaanza, "Baba mdogo, ile kamera..." Akanikatiza. "Imekwama, mwanangu," alisema. "Iache." Nikaona ameninyima msamaha, na kwamba ni haki yake. Tukala samaki, nikapanda gari. Hata simu zilipokuja na kamera zake, sikuwahi kumpiga picha. Aliwahi kuishika simu yangu akaigeuzageuza. "Haina uzito," alisema. "Utajuaje kama umebeba mtu?"

Ndiyo maana sikuufungua ule mfuko mbele ya mama mdogo. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ghala jipya la bati. Kamera ilikuwa safi, imepakwa mafuta siku si nyingi. Kidirishani, thelathini na tano. Kwenye kijimfuko cha pembeni palikuwa na kile kikopo cheusi cha mkanda, kile ambacho bibi zetu walikuwa wanawekea ugoro. Nikakitikisa. Kikalia. Nilipokifungua zikaanguka kiganjani mwangu punje tatu za ulezi, kavu, na ncha ya mwiba.

Sijui nilikaa pale muda gani. Niliweka kidole gumba chini ya kimkono, nikakigusa tu, bila kuvuta. Kilinyanyuka laini kabisa. Hakikuwa kimekwama. Alizitoa siku ile ile, pengine dakika ile ile, kwa ukucha wake, baba akiwa amesimama na kofia yake juani. Angeweza kuvuta. Angemaliza mkanda, watu wakapata sura zao, yeye akabaki na kazi yake. Au angempa kila mtu picha yake na kusema ya Bhoke imeungua, na baba angesema apigwe tena. Kamera nzima isingemwokoa Bhoke. Ilibidi iwe mbovu, mbovu kwa watu wote na kwa miaka yote, na mbovu ikawa.

Nilimkasirikia marehemu, na sioni haya kusema. Miaka yote ile niliibeba peke yangu, na neno moja tu lingenitua. Ndipo nikakumbuka alivyomwambia mama mdogo, yule anajua. Hakuwa ameninyima kitu pale Nyakunguru. Alidhani ninajua. Alidhani tuko wawili tulioshika siri moja, na akiniambia imekwama, iache, ananikonyeza. Niliinama nikalia kama nilivyolia siku ya kipaimara, safari hii bila mtu wa kunishangaa.

Niliporudi chini ya turubai, binti wa Bhoke alikuwa anapiga picha kwa simu yake. Alimpiga mama yake akichambua mchele, akabonyeza mahali, akasema, "Mama, wa Kehancha huko Kenya wameshakuona. Wanasema umenenepa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini papo hapo nilimwona Bhoke wa gauni la bluu, amegeuka kidogo aonekane mwili, na sura yake imeshavuka Sirari kabla hajashusha pumzi. Hakuna mkanda wa kungojea. Hakuna namba iliyobaki. Hakuna mahali pa kutia punje.

Nilikaa karibu na Bhoke nikamwekea kamera mapajani, kisha nikamfunulia kiganja. Alitazama punje, akatazama kidirisha, akaisogeza machoni kwa sababu hajavaa miwani.

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki mbele yetu. Macho yake siku hizi yanaona umbo la vitu tu, lakini pua ni nzima. Alivuta hewa. "Hayo ni mafuta ya Mwita," alisema. "Ile kamera yake ilipata fundi?"

"Hapana, tata," nilisema.

"Ilibaki picha yangu na dume langu." Akaupeleka mkono wake hewani kuelekea kwetu, ukitafuta. "Na ya Bhoke imo. Itoeni basi, tuione."

Bhoke aliufunga mfuko, kifungo kimoja, cha pili. Kisha akaushika ule mkono wa baba akaurudisha taratibu juu ya goti lake.

"Haitoki, tata," alisema. "Mkanda haujaisha."